Chumba cha Kulala cha Nasike

Mtu akikuambia Timothy Wesonga alitapeliwa, mlete kwangu hapa Lindi, mtaa wetu wa mabati Nairobi, nimkatize. Hakutapeliwa. Ningefurahi angetapeliwa, maana tapeli hutukanwa, hushtakiwa, na Mungu akipenda hupatikana siku moja akinunua nyama kwa pesa za watu. Wesonga hakupata hata mtu wa kutukana, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Nilimjua kupitia ukuta wa bati. Chumba chao na changu vilitenganishwa na bati moja lenye kutu, na kwa miaka mingi hatukuwa na siri. Nikikaanga vitunguu, mkewe Nasike anapiga chafya. Akikohoa usiku, asubuhi nampelekea tangawizi kabla hajanieleza kwamba anaumwa. Magomvi yao niliyasikia, yangu waliyasikia, na tukikutana kwenye foleni ya maji tunasalimiana kama watu waliolala salama. Hiyo ndiyo adabu ya Lindi. Asiyeijua hakai.

Wesonga alikuwa fundi wa mawe, na fundi kweli, si hawa wanaojifunzia kwenye nyumba ya mteja. Pita Ayany, pita Olympic, kuna kuta pale ambazo ukiziegemea unajua aliyezijenga hakuwa na haraka. Timazi yake ya shaba aliifunga kwa kitambaa cha flana na kuitundika juu ya kitanda, wengine wanapotundika picha ya harusi. Alikuwa na maringo yake pia. Akiona kazi ya fundi mwingine alisimama katikati ya njia, akafumba jicho moja, akasonya. "Huyo ukuta umelewa," alisema, na watu wakacheka, na mwenye ukuta akanuna. Jioni alirudi kulala ndani ya mabati. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishasema.

Nasike naye alikuwa na tamaa moja tu, na nataka uielewe vizuri, kwa sababu haya yote yanatokana nayo. Chumba chao kilikuwa kimoja. Kitanda upande huu, godoro la watoto, Elvis na Nafuna, upande ule, na katikati pazia la kijani lenye maua ya manjano ambalo alilinunua sokoni Toi mwaka aliojifungua Elvis. Siku moja tukichambua mboga akaniambia, "Mama Joan, tangu niolewe sijawahi kuvua nguo bila kuambia mtu ageuke." Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka mwisho, yeye aliishia katikati. "Nataka chumba kimoja chenye mlango," akasema. "Niingie nifunge. Hata kama sina kazi huko ndani, nifunge tu."

Hakutaka sebule ya kochi za ngozi, hakutaka jikoni la vigae. Alitaka mlango.

Basi waliweka akiba kwenye chama cha watu wa kwao Bungoma, wakala sukuma wiki mpaka watoto wakawa wanaota nyama, na hatimaye kiwanja kikapatikana Kawangware, upande wa Gatina. Muuzaji aliitwa Gikonyo. Wesonga alikuwa amemjengea nyumba za kupangisha na alimwona mtu wa kulipa kwa wakati, na kwa fundi huo ndio utakatifu. Ardhi ilikuwa ya babake Gikonyo, Mzee Naftaly, mwenyeji wa pale tangu Kawangware ikiwa mashamba ya viazi. Ilikuwa imeshagawanywa, na kila kipande kilikuwa na hati yake, hiki kwa jina la Gikonyo.

Wala usifikiri Wesonga alikurupuka. Alienda ofisi ya ardhi akafanya sachi, wakamfungulia rejista, akakuta jina la muuzaji ndilo, hakuna mkopo, hakuna kesi. Alirudi na ile karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, na jioni hiyo Lindi nzima tuliipokezana kama mtoto mchanga. Hata asiyejua kusoma aliishika.

Elvis peke yake ndiye aliyetikisa kichwa. Kijana alikuwa ameshakuwa mkubwa, anauza mabomba na misumari kwenye duka moja la vifaa Ngong Road, na pale kaunta alikuwa amesikia vilio vya kila aina.

"Buda, hiyo ploti leta surveyor aipime kwanza," akasema. "Hiyo karatasi iko sawa, mi sikatai. Lakini ploti yenyewe iko wapi?"

"Iko Gatina. Ulienda na mimi ukaiona."

"Niliona nyasi, buda. Bikoni, ile jiwe ya mpaka, uliona?"

Wesonga alimtazama vile alivyokuwa akitazama kuta zilizolewa. "Mimi nimepimia watu Nairobi hii yote. Saa hii ndio nitafute mtu wa kunipimia?"

Elvis akainua mikono. "Sawa mzae. Ni vile tu nimesema." Na akatoka kwenda kutafuta chips.

Nasema ukweli, nami nilimwona Elvis kama kijana aliyesoma kidogo na sasa anataka kumfundisha babake kukojoa. Pesa ya mpimaji ilikuwa sawa na lori la mawe. Nani anayenunua karatasi nyingine wakati angeweza kununua mawe?

Lakini si pesa iliyomponza Wesonga. Kilichomponza ni heshima, na hiyo niliiona kwa macho yangu, maana Nasike alinichukua twende naye siku ya kuonyeshwa mpaka. Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa, sote tumevaa viatu vya kubana. Mzee Naftaly alitupokea langoni na fimbo yake, akatembea mbele polepole, akasimama mahali palipoota mstari wa mimea yenye majani marefu mapana na maua meupe yenye mistari ya waridi.

"Hii ni itoka," akasema. "Hii baba yangu alipanda akigawia mimi na ndugu yangu Muiruri shamba. Sisi Wakikuyu, itoka ni mpaka. Mtu hawezi ng'oa. Hata ng'ombe akikula tunamchapa."

Wesonga alivua kofia. Sitanii, mwanamume alivua kofia mbele ya maua. Akamweleza mzee kwamba kwao mpaka hupandwa mti wa lusiola, na babu yake alimfundisha kuwa anayeung'oa usiku mkono wake hukauka kabla ya mavuno. "Kuna jirani yetu aling'oa," akasema, "na alikula kwa mkono wa kushoto mpaka akazikwa." Mzee Naftaly akaguna kwa kuridhika. Wakapeana mikono pale juu ya maua, Mkikuyu na Mbukusu, kila mmoja akiona amepata mtu wa maana katika mji wa wezi. Mama Wangoi, mke wa mzee, akaleta chai na viazi vitamu. Tukaomba. Mimi mwenyewe niliitikia amina kwa sauti kubwa.

Hakuna aliyedanganya siku hiyo. Likumbuke hilo.

Akajenga. Alijenga jioni baada ya kazi za watu, alijenga sikukuu, alijenga hata siku za mvua, akiwa amejifunika gunia. Chumba cha kulala alikiweka upande wa itoka ili Nasike apate jua la asubuhi, na akaacha hatua moja kutoka kwenye maua ili maji ya paa yasiyaoze mizizi. Upande wa pili, kulikokuwa na zizi la ng'ombe wawili wa Mama Wangoi, aliacha nafasi kubwa zaidi, maana hakutaka kumsumbua mama wa watu. Ng'ambo ya itoka palikuwa na majani ya ng'ombe tu. Muiruri alikuwa amekufa zamani, na binti yake Becky, mwenye kipande hicho, alikuwa akiishi mbali na hatukuwahi kumwona.

Mzee Naftaly alifariki nyumba ikiwa imefika lenta, juu ya madirisha. Wesonga alisimamisha kazi akaenda matangani kila jioni. Alilia kwenye kaburi kuliko Gikonyo, na watu waliliona hilo.

Siku ya kuhama Lindi, Nasike alipika wali na kuku kwa ploti nzima. Tulipomaliza kula akalishusha lile pazia la kijani, akalikunja, akaniwekea mapajani.

"Chukua, Mama Joan. Mimi silihitaji tena."

Nilisema asante. Moyoni nilikasirika, na sioni haya kulisema. Kwamba yeye ameshavuka, na mimi ndiye wa kuendelea kuambia watu wageuke! Nililitupa chini ya kitanda. Baada ya wiki mbili nililitoa nikalitundika, maana langu lilikuwa limechanika, na hasira haizibi tundu.

Nilipoenda kuwatembelea Gatina, Nasike hakunipa hata nafasi ya kukaa. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja chumbani, akaniacha katikati peke yangu, akatoka na kufunga mlango. Mlango wa mbao nzito, wenye kitasa cha funguo. "Unasikia nini?" akauliza kutoka nje, na sauti yake ilikuja kwa mbali. Sikusikia kitu. Si redio, si mtoto, si mtu akitema mate. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikasikia masikio yangu yenyewe yakivuma, na wivu wote ukaniisha. Nilipotoka tulikumbatiana tukacheka kama wasichana.

Alikaa na chumba hicho chini ya miaka miwili.

Becky alikuja mwezi wa majani kukauka, amevaa gambuti mpya, msichana mpole, salamu zake nzuri. Alikuwa amechukua mkopo wa benki ajenge ghorofa ya vyumba vya kupangisha, na kontrakta wake alikataa kuchimba hata shimo kabla ya bikoni kuonekana. Kwa hiyo alileta mpimaji, bwana mmoja aitwaye Ndeti, na mashine yake ya miguu mitatu. Nasike alimpa kiti na chai. Wesonga alikunja mikono kibarazani, anatabasamu, akiwaona kama watoto wanaocheza.

Ndeti alipima kutoka barabarani. Akaja mpaka kwenye itoka, akaitazama, akaipita. Akaizunguka nyumba. Akarudi barabarani, akaangalia ramani yake, akaizunguka nyumba tena, na safari hii hakuwa akimtazama mtu yeyote usoni.

"Mzee," akamwambia Wesonga, "hapa ndani kwa hii kona kuna nini?"

"Hapo ni kwa mama. Bedroom."

"Pole sana. Bikoni iko hapo ndani."

Nasike alinipigia simu. Hakueleza kitu, alisema tu, "Mama Joan, kuja." Nilifunga kibanda changu, nikamwachia jirani maharagwe motoni, nikatembea mbio mpaka Gatina. Nilikuta kitanda kimetolewa nje na magodoro yake, blanketi limekunjwa juu, na majirani wamejaa uani. Wesonga alikuwa amekataa mtu mwingine asiguse sakafu. "Simiti ni yangu," alisema, "na nikivunja nikose kitu, huyu kijana ataniambia alisomea wapi." Akapiga magoti na nyundo na tindo pale ambapo Ndeti alichora msalaba kwa chaki, kwenye kona, upande ambao Nasike huwekea kichwa.

Alivunja sakafu, akaondoa kokoto, akafika kwenye udongo mweusi uliokuwa wa viazi zamani. Alichimba kina cha mkono. Tindo ikagonga kitu kigumu, na akaacha kuchimba.

Ndeti ndiye aliyeinama akafuta udongo kwa kiganja. Kulikuwa na donge la zege na chuma kimesimama katikati. Mtaro wa msingi wa Wesonga ulikuwa umelipita kando kidogo tu, ungepinda kiasi cha mwiko angelikuta siku ya kwanza. Itoka ilikuwa nje, hatua moja ng'ambo ya dirisha, imetoa maua. Kutoka kwenye jiwe lile mpaka ulikata kwa mshazari, na chumba chote cha Nasike kilikuwa kwa Becky, na kipande cha sebule.

Mama Wangoi, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka jina la jirani wa zamani, "Hilo ni jiwe la serikali. Waliweka wakati wa kuleta title. Barabara ilitaka kupita kule mbele, laini zote zikasongeshwa. Bwanangu na Muiruri walikubali."

Wesonga hakuinua kichwa. "Na itoka, cucu?"

"Itoka tuliacha. Nani angeng'oa itoka?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe uliuliza mpaka, mzee akakuonyesha itoka. Kwake mpaka ilikuwa ni hiyo, ya baba yake. Hakuna mtu aliuliza jiwe."

Nilitaka kumrukia yule mwanamke. Naapa, Nasike ndiye aliyenishika gauni. Lakini nikimtukana ningemtukana kwa lipi? Alisema kweli. Mzee Naftaly alituonyesha alichokiheshimu maishani mwake. Wesonga alikiamini kwa sababu kwao pia mti wa mpaka hauhami. Wote walikuwa watu wa kuogopa laana, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kung'oa ua, ua lilibaki likionyesha mpaka ambao ulikuwa umekwisha kufa. Walaghai wangepatana vizuri zaidi. Mlaghai angeuliza jiwe.

Yaliyofuata ni ya ofisi, na ya ofisi hayana utamu. Wesonga alimwomba Becky amuuzie kile kipande. Becky alilia, na sidhani alijifanya. "Baba Elvis, ngazi ya ghorofa iko hapo kwa plan. Plan imepitishwa, benki imeshaanza kukata. Nifanye nini?" Chifu aliangalia ramani akasema hati ya Wesonga ni halali kabisa, shamba lake lipo na halijapungua hata kidole. Lipo tu upande wa pili. Ukipima kutoka kwenye jiwe kama inavyotakiwa, kiwanja cha Wesonga kinapita katikati ya zizi la Mama Wangoi.

Umeelewa? Chumba cha Nasike kilikuwa na mahali pake halali. Palikuwa panalala ng'ombe.

Wesonga akamwendea Gikonyo. "Mimi nilikuuzia vile title inasema," Gikonyo akasema. "Zizi ni ya mathe. Ongea na yeye." Akamwendea Mama Wangoi. Mama Wangoi akamuuliza, "Na ng'ombe wangu waende wapi?" Ni kesi sasa. Imeahirishwa mara nyingi kiasi kwamba mmoja wa wale ng'ombe ameshazaa mara mbili, na wakili anakula kuliko ndama. Mwenye haki mpe haki yake, tunaambiwa kanisani. Hawatuambii ampe lini.

Becky alingoja kwa kadiri alivyoweza, halafu akasema kwa upole kwamba kontrakta ataleta tingatinga. Wesonga alijua tingatinga ikigusa kona ile, ukuta wa mwisho utavuta wa sebule, na nyumba yote itapasuka. "Hakuna mashine itagusa nyumba yangu," akasema. Akapanda mwenyewe na nyundo na tindo, akaanza kuibomoa kutoka juu, jiwe kwa jiwe.

Nilienda kuwapikia siku zile, ndiyo maana nayajua. Kazi ya fundi mwingine yeyote ingebomoka haraka, maana mchanganyiko wao ni mchanga na dua. Ya Wesonga ilikataa kuachia. Alikuwa ameweka simiti ya kutosha, ameinywesha maji kila asubuhi wiki nzima kama anavyomwagilia mtu miche, na sasa kila jiwe lilimshikilia. Alipiga mpaka viganja vikachubuka. Siku moja alikaa chini kwenye kifusi akaanza kucheka. "Mama Joan, huyu fundi alikuwa mbaya sana," akaniambia. "Ameniibia kazi rahisi." Kisha kicheko kikageuka, na mimi nikaingia jikoni kwa sababu mwanamume wa rika lile hatazamwi akilia.

Mlango wa mbao aliung'oa mwisho, na kitasa chake. Akauegemeza ukutani uani, na hapo ndipo ulipo.

Nyumba ilibaki wazi upande mmoja, kama mdomo uliong'olewa meno. Wesonga akamwita Ndeti arudi, akamwambia avute uzi kutoka jiwe hadi jiwe, na yeye akashusha timazi yake ya shaba kwenye uzi ule. Kwa mawe aliyoyang'oa, aliyoyachokoa simiti moja moja, alijenga ukuta mpya unaokata sebule yake. Ni ukuta mzuri. Nimeishi na mafundi maisha yangu yote, na sijaona ukuta ulionyooka namna ile. Ndeti alipima akasema hajaona ukuta uliokaa kwenye laini hivyo. Wesonga alifungasha vifaa vyake.

Siku hizi hapati kazi nyingi. Mteja akija, kabla ya kuuliza ni vyumba vingapi, yeye anauliza, "Umepima?" Mteja akisema ana hati, anamwambia, "Hati inakwambia uko na shamba. Haikwambii umesimama wapi. Lete mpimaji, halafu nitaleta mwiko." Hata anayetaka kuongeza choo tu nyuma ya nyumba anaambiwa hivyo. Sifuna, mtu wa kwao kabisa, wa chama kimoja, alikuja na furaha zake, amenunua kiwanja mbele ya kwa Gikonyo na ameshaonyeshwa mpaka na mwenyeji. Wesonga alimshika mkono akampeleka hadi kwenye ule ukuta, akamwambia auguse. Sifuna aliugusa, akasema ni kazi safi sana, akaenda kutafuta fundi mwingine asiye na maneno. Msingi wake ulichimbwa wiki iliyofuata. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ghorofa ya Becky imefika juu sasa. Jua la asubuhi halifiki tena kwa kina Nasike.

Wiki jana Nasike alikuja Lindi. Hakunipigia simu kwanza, na hiyo si tabia yake. Alikaa kwenye kistuli changu, akanywa chai, akauliza Joan anaendeleaje na mtihani, akauliza bei ya unga, akauliza nani amehamia kwenye chumba chao. Nikamwambia ni kijana wa kuuza miwani, mtu wa kukoroma. Akacheka. Akaniambia Nafuna amerudi nyumbani na mtoto mchanga, ndoa ilimshinda, na Elvis bado hajapata pake, kwa hiyo wote wako pale pamoja, kwenye sebule iliyobaki. Kitanda kiko upande huu, kimeegemea ule ukuta. Godoro la Nafuna na mtoto liko upande ule.

Nilijua anachotaka kabla hajafungua mdomo. Upande wa pili wa bati yule kijana alikuwa akivua viatu vyake, kimoja, halafu cha pili, na sote wawili tulivisikia vikianguka.

"Mama Joan," akasema, macho yake kwenye kikombe, "lile pazia langu. Bado uko nalo?"

Lilikuwa nyuma ya kichwa chake, limetundikwa pale pale, na alikuwa ameshaliona alipoingia. Nikasimama juu ya kitanda nikalishusha. Nilitaka kulifua kwanza, lakini akasema hapana, alipeleke tu hivyo hivyo, kwa sababu analihitaji leo.